Saa ya Mchoraji Kucheza na Rangi

Katika toleo lililopita la gazeti letu, ndugu mmoja wa Kidato cha Nne aliandika kwamba Chama cha Wachoraji kinapoteza wakati na karatasi. Alisema amepita mara kadhaa Jumamosi mchana nje ya chumba chetu, akawaona vijana wakubwa, wengine wameanza kuota ndevu, wakichovya viazi katika masizi na kuvigonga juu ya mifuko ya saruji, huku bango la Siku ya Wazazi likiwa bado halijakwisha. Kwa hiyo alishauri saa yetu ya Jumamosi iondolewe, au kama itabaki, basi itumike kwa kazi zinazoonekana: ramani za Jiografia, michoro ya moyo na figo kwa ajili ya Baiolojia, na mabango ya shule. Nasikia kwamba shauri hilo limekwisha kufika mbele ya walimu, na litaamuliwa kabla ya muhula ujao. Mimi ndimi nichoraye picha za gazeti hili, na mmoja wa hao wenye viazi alikuwa mimi. Namshukuru Bwana Mhariri kwa kunipa nafasi ya kujibu.

Kwanza niondoe jambo moja dogo. Bango la Siku ya Wazazi lilikuwa tayari siku mbili kabla ya wazazi kufika, likatundikwa langoni, na kila aliyeingia aliliona. Tena yale maua yaliyozunguka herufi zake yalipigwa kwa viazi hivyo hivyo alivyovicheka ndugu yetu. Lakini sitaki kujificha nyuma ya bango. Hata kama viazi vile visingefaa kitu chochote mpaka leo, bado ningesema saa ile ni haki yetu, na sababu zangu nitazieleza.

Mchoraji wa gazeti ni mtu wa kuagizwa. Siku ya Jumatatu Mhariri huniletea hadithi ya sungura na fisi, au shairi, au habari za mchezo wa mpira, naye huitaka picha siku ya Alhamisi. Katikati hapo pana vipindi, kufagia, kuchota maji, na masomo ya usiku. Mtu aketipo kuchora saa nne za usiku huku macho yanamwuma, mkono wake hautafuti jambo jipya. Huenda pale pale unapopajua. Kama umezoea kuchora mwembe, basi kila hadithi itapata mwembe, hata hadithi ya watu wa Umalila kule juu, ambako mwembe haustawi kwa baridi. Fungueni matoleo ya zamani yaliyomo katika maktaba yetu. Wachoraji wamebadilika, waliomaliza wamekwenda zao, lakini mwembe ni ule ule, jua ni lile lile linalochomoza kati ya vilima viwili, na yule mama mwenye mtungi kichwani hajautua tangu gazeti lianze.

Sisemi hayo ili kuwacheka walionitangulia. Wengi wao walikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Nasema ya kwamba mkono wowote, hata uwe mzuri namna gani, ukifanya kazi ya kuagizwa tu hukauka. Shamba linalolimwa mahindi kila mwaka bila kupumzishwa, wazee wetu wanajua mwisho wake.

Basi yafaa nieleze kucheza ninakokusema ni kucheza gani, maana neno hili ndilo lililomkwaza ndugu yetu. Si kurushiana rangi. Ni kuchukua kitu, labda mkaa, labda udongo, labda wino uliobaki, na kukiuliza swali bila kuwa na picha yoyote kichwani. Mkaa huu ukilowa maji huwaje? Wino huu ukipita juu ya karatasi niliyoisugua mshumaa utakimbilia wapi? Karatasi ikikunjwakunjwa kisha ikanyoshwa, rangi itaingia katika mikunjo au itaikwepa? Hapo mchoraji hamwamrishi mtu wala kitu; anatazama. Atakachokiona anakiweka akilini, na kwa kawaida anaiweka na karatasi yenyewe. Siku ya kuagizwa ikija, anayo akiba.

Yupo mchoraji mmoja wa vitabu vya watoto, jina lake Eric Carle, mtu wa Marekani aliyekulia Ujerumani, aliyefariki mwaka 2021. Kitabu chake cha kiwavi mlafi kilitoka mwaka 1969, nacho kimefasiriwa kwa lugha zaidi ya 60. Mwenyewe alieleza jinsi kilivyoanza. Alikuwa na ile mashine ndogo ya kutobolea karatasi, akawa anatoboa rundo la karatasi bila shabaha yoyote. Alipoyatazama matundu yale alimfikiria funza alaye vitabu. Mhariri wake ndiye aliyemwambia kwamba kiwavi angefaa kuliko funza, nao wakafanya kiwavi, na katika kitabu kile matundu yapo mpaka leo, mtoto anaweza kupitisha kidole chake. Tafadhali angalieni jambo hili. Kama pale dirishani angepita mtu akamwona bwana mzima anatoboa matundu katika karatasi nzuri, angesema nini?

Tena huyu Carle alikuwa na desturi nyingine ambayo naipenda zaidi. Alikuwa akipaka rangi karatasi nyembamba laini, akitumia brashi, vidole, sponji, hata vipande vya zulia, kabla hajajua karatasi hizo zitakwenda katika picha gani. Alizihifadhi katika droo kwa rangi zake, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Siku ya kazi alizitoa, akazikata na kuzibandika, ikawa kiwavi au ndege au jani. Kwa maneno mengine, kazi ilifanywa kwa vitu ambavyo mchezo ulikuwa umevitengeneza zamani.

Mtu atasema hayo ni ya Marekani, kwenye karatasi tele. Haya, turudi kwetu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta zinazouzwa kwa wachoraji. Alichukua mbao ngumu zile nyembamba za kutengenezea dari, akazikata miraba ya kama sentimita 60 kwa 60, na rangi aliyoitumia ilikuwa rangi ya kupaka baiskeli. Rangi ile ina tabia zake, na aliyewahi kuishika anazijua. Inang'aa. Ikikauka huwa ngumu. Haitaki kuchanganywa na mwenziwe taratibu juu ya ubao, kama tufanyavyo kwa rangi za maji tunapotafuta kivuli. Basi chui wa Tingatinga hakupata vivuli. Alipata madoa yaliyo wazi, ukingo uliokatwa vizuri, na nyuma yake rangi moja iliyotandazwa. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi usiku kwa kudhaniwa kuwa mhalifu, akafa. Yaani kwa miaka kama minne tu aliacha namna ya kuchora ambayo dunia nzima huiita kwa jina lake.

Mimi naamini namna ile haikutoka katika agizo la mtu yeyote. Hakuna mteja aliyemwendea akamwambia, "Nichoree kwa rangi ya baiskeli, tena uache vivuli." Ilitoka kwa mtu aliyekaa na kile alichokuwa nacho mpaka akajua kinaweza nini. Na ushahidi mwingine, kwa maoni yangu, ni yale yaliyofuata. Jamaa zake na wanafunzi wake waliendeleza kazi, wakaunda ushirika wao pale Oyster Bay, na wamo mafundi hasa miongoni mwao. Lakini nenda penye maduka ya watalii utazame. Utaona twiga watatu na machweo, na duka la pili twiga watatu na machweo, na la tatu hivyo hivyo. Soko limeagiza, mikono imetii. Ni mwembe wa gazeti letu huo, ila umeota shingo ndefu.

Wapo walioponyoka. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, jirani zetu hapa, alitoka katika wachoraji hao hao wa Tingatinga akaingia katika vitabu vya watoto. Wanyama wake wana rangi zile kali, lakini wamevaa mashati na vitenge, wanaendesha baiskeli, wanauza samaki. Hapo namwona mtu aliyechukua mtindo uliokwisha kuganda akaanza kuuchezea tena.

Na kama Tunduru na Sumbawanga bado ni mbali, njooni Iringa. Mwaka 2003 ilianzishwa pale karakana ya Neema Crafts, chini ya Kanisa la Anglikana, ili vijana wenye ulemavu wapate kazi. Ilianza na vijana viziwi watatu, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Msicheke. Tembo hula majani mengi na magome, lakini tumbo lake halisagi yote. Nyuzinyuzi nyingi hutoka kama zilivyoingia. Nyuzi hizo zikioshwa, zikachemshwa, zikapondwa na kumwagwa juu ya kiunzi chenye wavu, hukauka zikawa karatasi nene, ngumu, yenye sura yake ambayo hakuna kiwanda kiwezacho kuitoa. Watu wa mbali huinunua. Mimi ningependa sana kujua ni mpango gani wa maendeleo, uliopigwa mhuri na ofisi gani, ungeweza kuandika mapema: "Kuanzia mwezi wa saba vijana watashika mavi ya tembo." Jambo la namna hiyo hupatikana kwa mtu aliyeruhusiwa kujaribu.

Sasa niseme tuliyoyaona sisi wenyewe katika chumba chetu, maana ndiyo yanayoshitakiwa.

Tulianza na karatasi, kwa kuwa karatasi nyeupe ni ghali na ndugu yetu amesikitikia karatasi. Kiwanda cha saruji kipo Songwe, hatua chache kutoka hapa, na katika Mbalizi hapapiti wiki bila nyumba kujengwa. Mafundi wakimaliza mfuko huutupa. Mfuko ule una karatasi zaidi ya moja. Ya nje ina maandishi, ya ndani ni safi ila kwa vumbi. Ukiukung'uta vizuri mbali na macho, ukaufuta kwa kitambaa chenye unyevu, ukaukandamiza chini ya madaftari usiku mmoja, una karatasi kubwa ya rangi ya kahawia isiyo na gharama. Lakini faida yake kubwa si bei. Juu ya karatasi nyeupe mchoraji huchora giza tu. Mwanga upo tayari, ni karatasi yenyewe. Juu ya karatasi ya mfuko wa saruji nuru nayo haina budi kuchorwa. Ukishika mkaa mkono huu na chaki mkono huu, unaanza kujiuliza mwanga unatoka wapi, na unagusa nini kwanza. Picha ya fisi mlangoni usiku, ile iliyowapendeza wengi katika toleo lililopita, ilichorwa baada ya Jumamosi tatu za kuchezea chaki juu ya mifuko. Bwana Mhariri ni shahidi kwamba aliniletea hadithi ile Jumanne jioni.

Kisha udongo. Udongo mwekundu uko kila mahali hapa, na kila aliyevaa shati jeupe anaujua nguvu yake. Tuliutwanga, tukauchuja kwa kitambaa, tukauacha utuame katika maji, tukachukua ule laini wa juu. Ukipakwa kwa maji matupu unapendeza mpaka unapokauka, halafu unapangusika kwa kidole kama unga. Kumbe rangi ni vitu viwili: kuna kile kinacholeta wekundu, na kuna kile kinachoushikilia. Tulijaribu uji mwepesi wa ngano, ukashika. Tulijaribu kiini cha yai, ambacho wachoraji wa Ulaya walikitumia karne nyingi kabla rangi za mafuta hazijaenea, nacho kikashika zaidi, kikaleta na mng'ao kidogo. Yai lilikuwa moja, tulilichangia, na yupo mwenzetu aliyesikitika mpaka mwisho kwamba halikukaangwa.

Nilipouona wekundu ule umeshika, nilikumbuka michoro ya miambani ya Igeleke karibu na mji wa Iringa, na ile ya Kondoa, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni myekundu vivyo hivyo, imechorwa na watu waliokuwa hawana duka la rangi hata moja. Mtu anayesema kucheza na udongo ni mambo ya kitoto asimame mbele ya mwamba mmoja wa hiyo, kisha arudi tuzungumze. Na akina mama wa Kikisi, kule Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao tunavipikia maharage hapa Mbeya, hawakuujua udongo wao kwa kusoma kitabu.

Masizi yalitusumbua zaidi. Tulikuwa nayo tele, kwa hisani ya wapishi, tukadhani tukiyatia maji tutapata wino. Masizi hayataki maji. Yanaelea juu, yanazunguka, yanakataa kulowa, hata ukoroge kutwa. Aliyepata dawa ni kijana wa Kidato cha Kwanza, mpole, ambaye darasani husikii sauti yake: alitia tone la sabuni. Mara ile yakazama, maji yakawa meusi kama usiku. Tukaongeza uji kidogo ili yashike, na hapo ndipo viazi vilipoingia. Kiazi ukikikata katikati, ukachonga uso wake kwa kisu kidogo, ukakichovya na kukigonga, unapata muhuri. Viazi ndivyo zao letu, hata vidogo visivyouzika vinafaa. Lakini bua la jani la mgomba lilituacha midomo wazi. Likikatwa kwa upana, ndani yake lina vyumba vyumba, vimepangwa kama madirisha. Lichovye, ligonge, na kila pigo linaacha safu ya madirisha ambayo mkono hauwezi kuyachora kwa subira ya siku nzima. Mwenzangu mmoja aliyagonga mfululizo kuvuka karatasi yote, akatazama, akasema, "Treni ya TAZARA hiyo." Na kweli ilikuwa treni. Ilibaki kutia magurudumu tu.

Yapo pia ambayo hayakuzaa kitu. Majani mabichi ukiyasugua katika karatasi hutoa kijani kizuri sana, na baada ya siku chache kijani hicho ni kahawia. Hilo nalo ni jibu, na sasa hakuna miongoni mwetu atakayepamba kadi ya mtu kwa majani.

Ndugu yetu anasema kwamba mtihani wa Taifa hauulizi viazi. Ni kweli, hauulizi. Ningeweza kumjibu kwamba yule mwenye treni alipoambiwa darasani achore mkato wa sehemu ya mmea aliuchora vizuri kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameukata na kuugonga mara mia. Lakini sitaki kuitetea saa yetu kwa njia hiyo. Ukisema mchezo unafaa kwa kuwa unasaidia Baiolojia, kesho atatokea mtu aseme kwamba Baiolojia inasaidiwa zaidi na Baiolojia, nawe utakuwa huna la kujibu. Saa ile ni ya uchoraji. Mpira wa miguu una saa yake katika ratiba, tena jioni tano kwa wiki, na sijasikia mtu akiulizwa mpira unasaidia somo gani. Kwaya ina saa yake. Sisi twaomba saa moja na nusu kwa wiki.

Kuhusu gharama nimekwisha sema: mifuko ya kutupwa, udongo wa bure, masizi ya jikoni, viazi vilivyokataliwa. Kilichonunuliwa muhula wote ni mshumaa mmoja, chaki tulizookota ubaoni sihesabu.

Liko jambo lingine ambalo ndugu yetu hakulitaja, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Baadhi yetu katika chama hiki hatutakwenda Kidato cha Tano. Hilo si siri wala si aibu. Miongoni mwa hao wapo wanaotumaini kula kwa mkono wao wa kuchora. Zamani, mtu mwenye mwandiko mzuri hapa Mbalizi aliweza kuishi kwa kuandika vibao: kinyozi, mgahawa, duka la dawa, maneno ya nyuma ya malori yaendayo Tunduma. Tembeeni leo kando ya barabara kuu. Vibao vingi vimechapwa kwa mashine juu ya plastiki, herufi zimenyoka, picha ya nywele imetolewa katika simu, na kazi iliyokuwa ya siku mbili imekwisha kwa dakika chache. Sasa hata zimekuja mashine ambazo ukiziambia kwa maneno "twiga watatu na machweo" zinakutolea twiga watatu na machweo kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Kijana ambaye shule ilimfundisha kunakili tu ramani na figo kwa usafi atakwenda kushindana na mashine katika jambo lile lile ambalo mashine imemshinda tayari. Mkono unaweza kubaki na kazi pale tu unapojua jambo ambalo halijaagizwa bado. Hayo hatuyapati katika bango la Siku ya Wazazi. Twayapata, tukiyapata, Jumamosi saa nane, penye masizi.

Najua atakayesema: vema, lakini kucheza hakuhitaji ratiba, mwenye kupenda atacheza wakati wake. Yeye hajakaa bweni. Wakati usiopewa jina hapa shuleni huchukuliwa na wa kwanza kuuona: kuna kuni, kuna maji, kuna kiranja. Na hata pasipokuwa na kiranja, mchoraji mwenyewe hujiibia. Akipata nusu saa hukumbuka picha anayodaiwa, akaimalizia hiyo. Mimi nimeona kwamba kama saa haikuwekwa na kulindwa, haiwi. Ndiyo sababu natumia maneno mengi kwa jambo dogo.

Kwa hiyo naomba walimu wetu wapendwa, kabla hawajaamua, wafikirie mpango huu, ambao wanachama wenzangu wameukubali. Mabango, ramani na michoro ya masomo tutaifanya Jumatano jioni, na tutaifanya bila kunung'unika. Atakayehitaji mchoro aandike jina na tarehe katika daftari lililotundikwa mlangoni. Jumamosi saa nane mpaka saa tisa na nusu iachwe. Katika saa hiyo kitu kitakachotengenezwa kisipewe alama, wala kisitundikwe ukutani mbele ya wageni, wala asiulizwe mtu, "Hii ni picha ya nini?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa upole, humfanya mtu arudi mbio kwenye mwembe wake. Kila mmoja ataandika nyuma ya karatasi alichotumia na kilichotokea, basi, kisha karatasi ziwekwe katika lile sanduku la mbao lililo chini ya meza. Mhariri ana ruhusa ya kulifungua wakati wowote anapotafuta picha. Amekwisha kulifungua mara mbili.

Jumamosi ijayo tumepanga kujaribu chokaa ya Songwe, ile iliyokwisha kuzimwa, juu ya ukuta wa nyuma wa ghala la majembe, kwa idhini ya mwalimu wa zamu. Tunataka kuona kama udongo mwekundu ukipakwa chokaa ikiwa bado mbichi utashika kuliko ukipakwa ikisha kauka. Ndugu mwandishi wa toleo lililopita anakaribishwa sana. Aje na shati ambalo halina kazi Jumapili. Kiazi tutampa.